Uzi Mwekundu Mlangoni pa Raheli

Asubuhi mwanga uliingia chumbani kwa Zimbul pamoja na vumbi lake. Ulipita kati ya nondo za dirisha, ukashuka juu ya fremu ya mbao, ukalala juu ya kitambaa, na vumbi likacheza ndani yake bila haya, kama wageni waliokuja arusini bila kualikwa. Zimbul akalipuliza. Likarudi. Akalipuliza tena, likarudi tena, maana mji huu wa Yerusalemu ni mawe matupu, na mawe hayana kazi nyingine ila kugeuka vumbi. Hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyewahi kulishinda.

Alikuwa anaitarizi Yerusalemu akiwa ndani ya Yerusalemu. Ndiyo kazi iliyompa jina. Vitambaa vya kufunikia mikate miwili ya Sabato, vitambaa vya kutundika ukutani, vyote na picha zilezile: Ukuta wa Kale na miberoshi nyuma yake, pango la Makpela kule Hebroni walikolala wazee wetu, na kaburi la Raheli mama yetu kando ya njia ya Bethlehemu, kuba moja, mzeituni mmoja. Vilipakiwa kwenye treni hadi Yafa, vikavuka maji, vikatandikwa mezani kwa watu wa Izmiri na wa Livorno na wa miji mingine ambayo Zimbul hakujua hata kuitamka. Huko watu wakivigusa walilia. Yeye Ukuta wenyewe alikuwa nao nyuma ya nyumba, na akilia, alilia kwa mambo mengine.

Katika Ukuta wa Zimbul hamna ombaomba. Hamna askari wa Sultani anayepiga miayo, hamna punda, hamna tope. Mawe yamepangika, kila jiwe mahali pake na adabu yake. Jiwe moja aliliacha tupu, bila uzi, kwa kulikumbuka Hekalu lililobomolewa, kama sisi sote tuachavyo pembe moja ya nyumba bila chokaa. Bwana mmoja wa ng'ambo aliwahi kuandika kulalamika kwamba fundi amesahau jiwe. Wanawake walicheka uani mpaka wakashika mbavu. Msiba wetu mzima, yeye kauona ni kasoro ya ushonaji.

Lakini kaburi la Raheli halikuachwa na jiwe tupu. Hapo Zimbul hakubakiza kitu.

Mama Raheli, uliyelala njiani. Hivyo ndivyo alivyoanza kila kuba, sindano ikiingia, sindano ikitoka. Mama Raheli, uliyekaa tasa ukimtazama dada yako akijaza nyumba. Uliyegawana mume, leo zamu yako, kesho zamu yake. Uliyepata mtoto wa pili, na mtoto huyo akaja na roho yako mkononi. Na bado ni kwako tunakuja kuomba watoto, Mama. Tazama akili zetu. Tunamwomba uzazi yule aliyeuawa na uzazi. Lakini tumwombe nani mwingine? Lea alizaa kama anayepumua; ukimlilia Lea, atakuuliza unalia nini.

Sindano ikiingia, sindano ikitoka.

Mumewe aliitwa Shabetai, fundi wa taa za bati, mtu mpole. Mpole kwa kila mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Asubuhi alikuwa mpole kwa mkewe, jioni mpole kwa mama yake, na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja yote aliyaitikia ndiyo. Mwaka wao wa kumi ulikuwa unakaribia. Kwa watu wetu mwaka wa kumi una meno: mume asiyepata mtoto kwa muda huo huitwa na marabi, akaulizwa, ndugu, unaacha au unaongeza? Na akiongeza, mke wa kwanza sharti aridhie. Sheria imemwachia neno hilo moja tu mdomoni, dogo kama punje ya mtama, nalo ni lake.

Zimbul alikuwa akilihifadhi neno hilo. Alikuwa na hakika nalo, na hakika hiyo ilimsaidia kulala. Siku wakija kuniuliza, alijiambia, nitasema hapana, na Shabetai ataona haya, na yataishia hapo. Alikuwa akingoja kuulizwa.

Baada ya sikukuu za mavuno mama mkwe wake akaingia na kitani begani. Bulisa Kaden, ndivyo alivyoitwa. Bulisa ni jina la heshima kwa mwanamke wa kwetu, na yeye heshima hiyo aliivaa hata jikoni.

"Kazi inaendaje, binti yangu?"

"Inakwenda, mama. Vumbi tu."

"Vumbi utazikwa nalo, lizoee. Tazama kitani hiki. Gusa. Gusa bwana, hakiumi. Nataka shuka la kitanda cha arusi."

"La kitanda? Mimi natarizi vya mezani na vya ukutani."

"Basi ukimaliza hili utaitwa fundi mkubwa. Katikati niwekee kaburi la Raheli. Ndege ukitaka, makomamanga ukitaka, hayo shauri lako. Lakini mlango wa kaburi uwe mkubwa. Wazi kabisa. Bibi arusi alale akiuona."

"Arusi ya nani?"

"Ya binti wa watu. Yatima, hana baba. Wewe shona, Mungu atakulipa."

"Akilipa Mungu, na wewe ongeza kidogo, mama."

Bulisa Kaden akacheka. Kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe, na mtu mwenye masikio angejiuliza kinatoka wapi. Zimbul alikuwa keshaanza kukipima kitani kwa shibiri.

Alilishona shuka lile kwa furaha, na hili linauma kulisimulia. Alitoa hariri yake ya Shamu, ile ya bluu iliyokolea na ile ya kijani ya majani machanga, akaweka ndege wawili juu ya mzeituni, akaweka makomamanga yaliyopasuka kwenye pembe zote. Aliimba. Jirani yake Luna alimsikia kupitia ukutani na hakusema kitu, na Luna kunyamaza ni jambo la kuogopesha, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kuwa na komeo.

Kisha akafika mlangoni.

Alijaza mlango kwa hariri nyekundu, akauangalia, akauona baridi. Akafumua. Akajaribu ya rangi ya divai, nayo baridi. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyekuwa ndani. Akakaa, mikono mapajani, na polepole mkono mmoja ukapanda wenyewe hadi kiunoni.

Kiunoni alikuwa na uzi. Mwaka uliopita, mwezi wa Heshvani, siku ya kumkumbuka Raheli, alikwenda na wanawake wenzake kaburini juu ya punda, wakasukumana kwa viwiko na vilio, na kama wao akauzungusha uzi mwekundu wa sufu juu ya kaburi mara saba, huku mlinzi akipiga kelele, "Haraka mabibi, haraka, Raheli ni mmoja na ninyi ni mji mzima!" Akarudi nao umefungwa kiunoni, chini ya nguo zote. Kila mwezi mwili ulimletea jibu, na jibu lilikuwa lilelile. Uzi ukachakaa, ukashika joto lake na harufu yake, ukawa kama mshipa uliotokeza nje ya ngozi.

Mama Raheli, alisema, mimi umenikataa. Sikukasirikii. Ninakukasirikia, ndiyo, nakukasirikia sana, lakini sitabaki nimeshika mkia wa dua isiyokwenda. Huyu yatima simjui. Mpe yeye.

Akaufungua uzi kiunoni, akautia katika sindano, akaujaza mlango wa Raheli kwa uzi huo. Alilia kidogo, akapangusa pua kwa nyuma ya kiganja, akaendelea. Huo ndio ulikuwa ukarimu wake wote. Mwingine wa kutoa hakuwa nao. Mlango ukawaka. Alipomkabidhi mama mkwe shuka limekunjwa, alibaki na kiuno chepesi, akahisi amefanya jambo jema, na kweli alikuwa amelifanya.

Ijumaa wanawake walijipanga tanurini na masinia yao, kila mtu na borekas zake, sambusa za jibini, kila mtu na chungu chake cha kulaza motoni kwa ajili ya Sabato. Luna alikuwa mbele ya Zimbul. Alivumilia alivyoweza, kisha komeo lisilokuwepo likaanguka.

"Zimbul, mwenzangu, wewe Mungu alikuumba kwa chuma. Mimi ningemshonea sanda, si shuka."

"Nani huyo?"

"We Luna, hebu koma," akasema mmoja nyuma.

"Nikome nini? Jambo limeshafika kwa marabi, nikome mimi?" Luna akamgeukia Zimbul, na sasa aliuona uso wake, na utani ukamkauka mdomoni. "Hujui? Ee Mola. Hajui. Zimbul, yule yatima ni Djoya, binti wa mjane wa mtaa wa juu. Anaolewa na Shabetai. Bulisa Kaden alilitandaza shuka lako mezani kwa marabi. Akawaambia, tazameni, mke wa mwanangu ameridhia, ameshona kwa mkono wake mwenyewe. Wakaligusa, wakasifu ndege. Wakasema mwanamke asiyeridhia hamtandikii mwenzake kitanda. Wakapitisha."

Mwoka mikate alisimama na koleo lake la mbao kama aliyesahau mkate gani ni wa nani.

Zimbul alingoja sinia lake mpaka likatoka. Borekas hazikuungua hata moja. Akazifunika, akazibeba hadi nyumbani kupitia ngazi na vichochoro, akazipanga sahanini. Chakula hakikuwa kimemkosea.

Kumbe hawakuja kuuliza. Hilo ndilo lililomzunguka kichwani. Hakuwa amenyang'anywa mume bado. Alikuwa amenyang'anywa neno. Neno moja la mtama alilolifunika kwa ulimi mwaka mzima, wamelichukua vidoleni mwake akiwa anaimba.

Shabetai alikuwa ananawa masizi ya bati kabla ya Sabato kuingia.

"Nasikia nimeridhia," alisema Zimbul.

Maji yakaendelea kutiririka juu ya mikono iliyokwisha kutakata.

"Mama alisema atakuambia."

"Mama alisema ataniambia. Na wewe mdomo umepewa wa nini, wa kunywea supu?"

"Nisikilize kwanza. Sikuachi. Walitaka nikupe talaka, nikawaambia hapana, Zimbul simwachi. Utabaki mkubwa wa nyumba. Watoto wake watakuwa wako. Watakuita mama."

"Wewe watakuita baba, yeye watamwita mama. Mimi wataniita wakitaka maji."

"Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningeuliza, Shabetai. Ningekuja hapa nilipokaa, ningeuliza."

Shabetai akalia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na ubaya wake ulikuwa hapo. Mtu mwovu ungemchukia upumzike.

Jua likawa linashuka. Zimbul akajifunika kitambaa, akaziwasha taa za Sabato, na kama alivyozoea mwaka mzima, wakati wa kuzibariki mkono wake ukaenda kiunoni kushika uzi. Ukakuta ngozi. Na hapo ndipo alipokumbuka ule ulikuwa uzi wa nini.

Sufu. Juu ya kitani.

Torati imemkataza mtu kuvaa au kujifunika sufu na kitani vilivyoshonwa pamoja. Sababu haikutolewa, na sisi hatuulizi. Mtoto wa mtaa wetu hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mshonaji wa mtaa wetu hulijua kama ajuavyo moto. Tangu aliposhika sindano mara ya kwanza, Zimbul hakuwahi kuingiza sufu chumbani mwa kazi. Lakini uzi ule haukuwa sufu tena machoni pake. Ulikuwa dua. Nani huikagua dua, akatazama kama imetoka mgongoni mwa kondoo?

Mbele ya taa mbili zinazowaka, akacheka. Shabetai alimsikia akadhani amesamehewa.

Sitaki kumsafisha. Sabato ile yote, katika mayai yaliyopikwa usiku kucha na zaburi na ndugu waliokuja kula mbegu na kupiga soga, alikuwa akinyonya utamu mmoja tu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Arusi itafanyika. Shabetai atajivutia shuka hadi kidevuni, pembeni yake yule msichana, na juu yao wote wawili haramu ya Mungu, imetariziwa vizuri, imepigwa pindo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia. Naye chumba cha pili, akisikiliza, atajua.

Na akisema? Akisema, kazi yake imekufa. Nani atafunika mkate wa Sabato kwa kitambaa cha mkono uliochanganya sufu na kitani? Watasema ni wivu, watasema ni uchawi. Jina alilolijenga kwa kuinama mpaka shingo ikapinda litaoshwa na maji ya siku moja. Heri kunyamaza. Mama Raheli, wewe ulinyamaza usiku wa arusi yako, dada yako alipoingizwa gizani mahali pako, na wakakuita mwema. Heri kunyamaza basi.

Akaamua hivyo, na uamuzi ukamkaa vizuri.

Mwanzo wa wiki vitu vya bibi arusi vilitandazwa kwa mjane wa mtaa wa juu, ndivyo desturi, ili wanawake waje waone, waguseguse, waimbe, na wakirudi nyumbani waseme walichokosa kusema pale. Zimbul alivaa nguo yake ya sikukuu, akaenda. Asingekwenda wangesema. Matari yalikuwa yanalia, kanzu za usiku zimetundikwa kamba nzima, na katikati ya ukuta, limenyooshwa, shuka lake. Bulisa Kaden alisimama karibu nalo akipokea sifa. Mke wa rabi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, anakula lozi za sukari.

Msichana mwenyewe, Djoya, akaja moja kwa moja kwa Zimbul. Alikuwa mdogo kuliko Zimbul alivyomwogopa, na mkononi alikuwa na kovu jipya la pasi. Akainama akambusu mkono.

"Bulisa Zimbul, nakushukuru."

"Unanishukuru nini?"

"Kuniomba. Mama hakutaka, alisema uke wenza ni moto, simtupi mwanangu motoni. Bulisa Kaden akamwambia ni wewe mwenyewe uliyenichagua. Akamwonyesha shuka. Basi mama akasema, kama mke mkubwa ndiye aliyeita, mdogo hatanyanyaswa." Akacheka kwa woga, akaunyoosha mkono hadi kwenye shuka. "Mlango huu nimeugusa tangu asubuhi. Una joto, sijui ni mimi tu. Nikishalala huko nitakuwa naushika, nakuombea na wewe. Sote wawili."

Zimbul aliutazama ule mkono wenye kovu juu ya mlango wa Raheli. Shuka lilikuwa limesema uongo mara mbili, kwa marabi na kwa mtoto huyu, na mara zote mbili kwa sauti yake.

"Usiushike," alisema.

"Eh?"

"Ondoa mkono, binti." Kisha akasema kwa nguvu, na tari la kwanza likakatika, na la pili. "Shuka hili ni haramu. Mlangoni mna sufu."

Mke wa rabi aliweka lozi chini. Akainuka, akasogea, akainama kwenye mlango, akalivuta fundo moja kwa ukucha, akalisokotoa mwisho wake kati ya vidole viwili. Nywele ndogondogo za sufu zikasimama. Kila mtu aliziona.

"Sufu," alisema.

"Makusudi!" Bulisa Kaden alikuwa amepauka. "Amefanya makusudi! Amtie mwanangu dhambini kitandani pake! Wivu umemwingia mpaka kwenye sindano, nyoka huyu niliyemlea!"

"Ningefanya makusudi, mama, ningenyamaza."

Lakini Bulisa Kaden hakukwama hapo. Alikuwa mwanamke wa kutengeneza mambo. Akashusha pumzi, akajipangusa, akachomoa mkasi kwenye kikapu cha mwenye nyumba, na kibunda cha hariri nyekundu, akavileta vyote viwili.

"Haya. Yamekwisha. Mtu hukosea. Fumua hapahapa, ushone kwa hariri, tuendelee na furaha za watu. Shika."

Zimbul akaushika mkasi. Akafumua. Wanawake walisimama wakimtazama akikata mshono baada ya mshono, na uzi ukatoka vipandevipande, vifupi, havifungi tena kiuno cha mtu. Djoya alikuwa analia bila kujua analia nini. Mlango ulipokwisha kutoka, kwenye kitani palibaki vitobo tu, vimejipanga kwa umbo la mlango.

"Sasa hariri," alisema Bulisa Kaden.

"Hapana."

"Shona, Zimbul."

"Shuka hili mlilipeleka kwa marabi likaseme badala yangu. Sasa ninasema mwenyewe, na mke wa rabi yupo, anasikia. Sikuridhia. Sikuulizwa. Nilishona bila kujua namshonea nani." Akamgeukia msichana. "Djoya, sikukuita. Sina ubaya nawe, lakini sikukuita. Mwambie mama yako hivyo."

Kutoka nyuma, karibu na mlango wa kutokea, sauti ya Luna ikasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," na mmoja wawili wakacheka, halafu wakajutia.

Yaliyofuata yalikwenda upesi, kama mambo yaendavyo yakiwa tayari yameshapangwa. Mke wa rabi alifikisha neno. Marabi wakamwita Shabetai, wakamwambia: ridhaa hakuna, basi chagua, uache au ubaki hivyohivyo. Shabetai akamtazama mama yake. Mfanyabiashara aliyekuwa akizipeleka kazi za Zimbul ng'ambo akamtumia salamu nyingi za heshima, na ndani ya salamu hizo kulikuwa na maneno kwamba wateja wa siku hizi wamekuwa na hofu, na kwa sasa asihangaike. Mjane wa mtaa wa juu alikaa akafikiri, akalia, akahesabu unga uliobaki, akasema arusi iendelee. Binti yake angalau angekuwa mke wa pekee. Mlango wa Raheli ukashonwa upya na mkono mwingine, kwa hariri. Luna aliuona. Alisema umekuwa mdogo, umepinda upande, na umefungwa.

Siku ya talaka ilikuwa ya jua kali. Katika chumba cha marabi walimwambia Zimbul avue pete, ainue mikono miwili na kuiunganisha kama mtu anayekinga maji, asikunje kidole. Mikono ile ilikuwa na sugu za sindano, na rabi mzee, ambaye mezani kwake vilikuwako vitambaa vya Zimbul vya Sabato mpaka wiki ile, aliitazama akageuka pembeni. Shabetai akatamka maneno anayoyatamka mwanamume, akaachia. Karatasi ikaanguka viganjani. Ilikuwa nyepesi mno. Akatembea nayo hatua chache kuonyesha kuwa ameipokea, kisha wakaichukua wakaikata kwa kisu, ndivyo desturi, wakabaki nayo wao.

Shabetai alimfuata hadi kizingitini. Macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini ulisema, Zimbul? Hakuna aliyeujua uzi ule. Ungenyamaza tu, tungekuwa nyumba moja mpaka leo."

Zimbul akakiweka sawa kilemba chake, kwa kuwa sasa alikuwa na haki ya kutembea peke yake na watu wangemtazama.

"Nilinyamaza nikishona," alisema, "mkasema nimeridhia. Ningenyamaza tena, mngesema nimeridhia tena."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagana na jirani sokoni, kisha akatoka juani.